Rafu ya mashairi katika duka la vitabu vya mitumba, Wandegeya

Duka hili halina kibao mlangoni. Liko kwenye mteremko wa kutoka Chuo Kikuu cha Makerere kuelekea Wandegeya, juu ya chumba cha kutolea fotokopi, na wanaolifahamu hulitaja kwa jina la mwenyewe, ambalo sitaliandika kwa sababu mama huyo hapendi kutangazwa. Linauza vitabu vilivyokwisha kutumika. Nimeona inafaa kulitolea maoni kwa ajili ya sehemu moja tu, nayo ni rafu ya mashairi iliyo upande wa kushoto unapoingia, kwa kuwa katika Kampala yote sijaona mahali pengine ambapo tungo zinazozungumzia kifo, maumbile na mali isiyodumu zimekusanywa na mtu ambaye ni dhahiri kwamba amezisoma. Wauzaji wengi wa mitumba hupanga vitabu kwa ukubwa au kwa rangi ya jalada. Huyu amepanga kwa maana, hata kitabu cha Kiswahili cha mwambao kikaegemea kitabu cha Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, na cha Kiacholi kikaegemea diwani ya Kiingereza iliyokuwa ikisomwa shuleni enzi za ukoloni.

Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda anajua thamani ya jambo hilo. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini ukiingia katika maduka makubwa ya vitabu mjini utapata vitabu vya kiada, kamusi moja au mbili, na basi. Ushairi wa kale hauuzwi kwa sababu hauko kwenye mtihani. Anayetaka kuwasomesha vijana wa Kibuli au wa Gulu utenzi wa miaka mia mbili iliyopita hana budi kuutafuta kwenye mitumba, na mitumba hiyo ina chanzo chake, ambacho mwenye duka hakifichi: vitabu vingi vinatoka katika nyumba za wahadhiri na maofisa wastaafu waliofariki, ambao watoto wao huita gari, hupakia maboksi na kuyauza kwa jumla bila kuyafungua. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote pale utakuta jina la mtu kwa wino uliopauka, mara nyingine na mwaka na mji alikokinunua. Mwenye duka ana desturi ya kubandika karatasi nyeupe juu ya majina hayo kwa heshima ya wafiwa. Naikubali nia yake, ila gundi anayotumia hukunja ukurasa.

Kitabu kilichonipeleka kwake ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19 katika pwani ya Lamu. Nakala ya dukani ni ya toleo la William Hichens, lililotoka London mwaka 1939 na kuchapishwa tena Nairobi mwaka 1972, lenye tafsiri na maelezo ya Kiingereza. Niliuziwa kwa shilingi 30,000, bei ambayo naiona ya haki, ingawa nashuku kwamba imekadiriwa kwa unene wa kitabu: juu yake kulikuwa na riwaya nene ya kipelelezi iliyopangiwa bei kubwa zaidi.

Asiyeujua utenzi huu na aelewe kwanza umbo lake. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne humalizikia kwa kina cha bahari, yaani kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Msomaji akiusoma kwa sauti, kina hicho kinarudi kila baada ya mishororo mitatu, na kila kikirudi anajikuta ameshusha sauti. Mtunzi haongei na watu. Anaongea na moyo wake mwenyewe, anaukemea, anauuliza kwa nini haujifunzi ilhali una akili ya kuchagua. Anauambia kwamba dunia ni bahari iliyochafuka yenye miamba, kwamba uhai ni taa iliyowekwa penye upepo, na kwamba anasa ni kisima kinacholindwa na fahali mkali, kila anayesogea apate maji hupigwa pembe asinywe. Picha hiyo ya fahali peke yake inatosha kulipia kitabu. Vijana wangu wa kidato cha tatu, ambao wengi wamekulia penye ng'ombe, waliielewa kabla sijafungua kinywa kuieleza.

Baada ya hapo mtunzi anauongoza moyo wake hadi Pate. Kisiwa hicho cha funguvisiwa la Lamu, katika Kenya ya leo, kilikuwa na mji wa matajiri wa biashara ya baharini, waliojenga nyumba za mawe ya matumbawe na kuchonga vidaka ukutani vya kupangia sahani za kaure, hadi vita na majirani na kuhama kwa biashara vilipoudhoofisha. Sayyid Abdalla anaonyesha jinsi watu hao walivyotembea kwa maringo, jinsi nyumba zao zilivyong'ara kwa taa za kioo na za shaba hata usiku ukafanana na mchana, na jinsi walivyolala juu ya matandiko laini. Kisha anageuka. Nyumba zilezile ziko tupu, makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda, na vile vidaka vya sahani sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Hakuna sauti ya mtu.

Hapa nina maoni yangu, na huenda masheikh wakaninunia. Wengi huusoma utenzi huu kama waadhi wa kudharau mali. Mimi naona mtu aliyeipenda mali hiyo kwa macho yake yote. Mtunzi anayedharau taa hajali kama ilikuwa ya kioo au ya shaba. Anayedharau sahani hakumbuki zilikaa wapi ukutani. Sehemu za mawaidha ni nzuri na za kawaida, zimesemwa na wengi kabla yake na baada yake. Sehemu zinazomwinua juu ya wengine wote ni zile anazohesabu vitu, kwa sababu anavihesabu kama mrithi aliyefika akakuta nyumba imeshahamwa. Aliyekimiliki kitabu hiki kabla yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amefikia uamuzi huohuo: alipiga mstari kwa penseli pembezoni, mkabala na kila kitu cha anasa kilichotajwa, na pembezoni mwa kurasa za maonyo hakuacha hata nukta.

Alama hizo za penseli ndizo zinazonileta kwenye kasoro ya huduma. Duka hupokea pia vitabu vya kutiwa jalada upya na kuvipeleka kwa fundi wa Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, kwa malipo ya ziada. Kitabu changu kilikuwa kimeachia mgongo, nikakiacha. Kiliporudi, kazi ya mgongo ilikuwa safi: kurasa zimeshonwa kwa uzi na hazikutegemea gundi peke yake, jambo ambalo mafundi wa siku hizi hulikwepa kwa kuwa linachukua muda, na jalada gumu la kitambaa cheusi halikupinda hata baada ya msimu wa mvua. Lakini fundi alikuwa ameusawazisha ukingo kwa mashine ya kukatia, na pamoja na ukingo ziliondoka nusu ya alama za marehemu. Mwenye duka aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Pole, Mwalimu, ningemwambia asiguse pembeni.” Hakutoza fedha ya jalada. Anayepeleka kitabu chenye maandishi ya mtu na atoe agizo hilo kwa maandishi, abandike karatasi juu ya kitabu chenyewe, kwa sababu agizo la mdomo huishia ngazini.

Kasoro ya pili ilikuwa kurasa za mwisho kukosekana. Utenzi unamalizikia kwa kutaja majina ya Jahannamu na adhabu zake, na katika nakala yangu sehemu hiyo ilikuwa imechanika yote. Kwa upande wa ushairi, hizo ndizo beti ambazo ningeweza kuishi bila kuzisoma tena, ingawa mtunzi mwenyewe bila shaka angesema kwamba zote nyingine zilitungwa ili tufike hapo. Duka lilitafuta nakala nyingine, likatoa fotokopi kutoka chumba cha chini na kunipatia bure siku ileile. Sijapata huduma kama hiyo katika maduka yenye viyoyozi.

Kando ya Al-Inkishafi, mwenye duka alikuwa ameweka Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi uliotayarishwa na Okot p'Bitek na kutolewa mwaka 1974, wenye maneno ya Kiacholi na tafsiri yake ya Kiingereza. Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982, na Waganda wengi wanamjua kwa shairi lake refu la mke anayemlalamikia mumewe aliyeiga Uzungu. Mkusanyiko huu unajulikana kidogo zaidi, nami nauona wenye nguvu zaidi katika jambo tunalolizungumzia, kwa sababu una nyimbo za msiba zilizotungwa na kuimbwa na watu wasiojiita washairi. Uko katika hali ya wastani: jalada la karatasi limefifia, kuna madoa ya unyevu kuanzia katikati, lakini kurasa zote zipo.

Anayetoka kwenye utenzi wa Pate akaingia kwenye nyimbo hizi atashtuka. Hakuna taa za kuhesabiwa, hakuna sahani. Hakuna mtu anayeambiwa kwamba mali inapita, kwa sababu kilichopotea ni mtu, na mwombolezaji hatafuti somo lolote katika kupotea kwake. Anatafuta wa kumlipiza. Katika wimbo mmoja, unaoanza na moto unaowaka mahali paitwapo Layima, mwombolezaji anasema kwamba lau angefika kwenye boma la mama yake Kifo, angefunga mwenge mrefu wa nyasi na kuteketeza kila kitu. Kifo kwa Mwacholi huyo kina mama, kina nyumba, kina nyasi za kuezekea, na kwa hiyo kinaweza kuchomwa kama jirani mwovu. Nimewahi kuusoma wimbo huo kwa sauti mbele ya darasa lenye wanafunzi wa kutoka kaskazini, na wazee wao watakuwa wanaujua kwa namna nyingine kabisa, pamoja na ngoma na vilio vya siku ya kumaliza matanga, ambayo kitabu hakiwezi kuichapa. Hilo Okot mwenyewe alilielewa, ndiyo maana aliongeza maelezo kuhusu mahali na namna nyimbo zilivyotumika.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya vitabu hivi viwili iko katika maumbile. Kwa Sayyid Abdalla, popo, buibui na bundi ni wapangaji wapya. Wanaingia polepole baada ya wenye nyumba kuondoka, hawana chuki, na utulivu wao ndio unaotisha. Kwa mwombolezaji wa Kiacholi nyasi na moto ni silaha, vitu ambavyo mtu wa kawaida anavyo mkononi, na ambavyo kila kiangazi huvitumia kusafisha mashamba na maeneo ya kuwindia. Mmoja anaitazama dunia ikimrithi. Mwingine anaishika ampige nayo adui.

Msomaji wa Kampala ana mfano wake wa karibu, nao si wa kitabuni. Makaburi ya Kasubi, ambako Kabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, wamezikwa, yamo ndani ya nyumba iliyojengwa mwaka 1882 kama kasri la Muteesa wa Kwanza, kwa nguzo za miti, matete na nyasi. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na mambo ya kuijenga upya yakachukua miaka zaidi ya kumi. Ukiyasoma maghofu ya Pate kisha ukapanda kilima cha Kasubi, unaona jambo ambalo utenzi haukulitia katika hesabu: kwamba mawe ya matumbawe yaliachwa yakaanguka, na nyasi, zisizodumu hata kidogo, zilidumu kwa sababu kuna ukoo, ule wa Ngeye, wenye wajibu wa kuezeka tena na tena. Laiti vidaka vya Pate vingekuwa na ukoo wa namna hiyo. Natamani siku moja mshairi wa Kiswahili wa hapa Uganda aandike juu ya Kasubi kwa kina cha Al-Inkishafi. Mpaka sasa rafu ya mwenye duka ina nafasi tupu mahali pake.

Diwani ya Kiingereza iliyo mwisho wa safu sitaizungumzia sana. Ni ile ya shule, yenye makovu ya dawati, na ndani yake mna Ozymandias, shairi la Mwingereza Shelley lililotoka mwaka 1818, juu ya sanamu ya mfalme iliyovunjika jangwani. Nakubali kwamba mwenye duka alifanya busara kuiweka hapo, kwa kuwa Shelley na Sayyid Abdalla waliishi wakati mmoja bila kujuana, na wote wawili walitunga juu ya fahari iliyobaki kifusi. Hata hivyo Shelley anasimulia habari aliyoisikia kwa msafiri, tena ya mfalme wa nchi nyingine, hivyo anaweza kumcheka. Sayyid Abdalla anawataja watu wa kwao. Kitabu hicho kinauzwa shilingi 5,000 na kinafaa kwa mwalimu anayetaka kulinganisha. Asiyelinganisha atakipata popote.

Kuna tatizo la lugha ambalo mnunuzi ajue mapema. Utenzi wa Pate umetungwa kwa Kiswahili cha kaskazini mwa pwani, na Kiswahili chetu cha Uganda, kilichopitia kambini, sokoni na barabara za kwenda Kongo, kiko mbali nacho. Msomaji wa Jinja au Arua atahitaji maelezo ya chini ya ukurasa karibu katika kila ubeti, na maelezo hayo yako kwa Kiingereza. Si kosa la duka, lakini mwanafunzi asiyejua hilo atakata tamaa ukurasa wa pili. Ushauri wangu ni kuanza na beti za nyumba zilizoachwa, ambazo picha zake zinajieleza, kisha kurudi mwanzo. Nimewaona watu walioanza na dibaji wakaishia humo.

Kuhusu mahali penyewe: ngazi ni nyembamba na haina mkono wa kushikia, chumba kina dirisha moja, na wakati wa mvua paa la bati hupiga kelele kiasi cha kuzuia mazungumzo. Unyevu ni adui mkubwa. Vitabu vya rafu ya chini vina harufu ya ukungu na vingine vimeliwa na mchwa kwa ndani huku jalada likionekana zima, kwa hiyo fungua kila kitabu mpaka mwisho kabla ya kulipa. Bei haziandikwi, zinatajwa, na zinapungua kidogo kwa anayeonyesha kwamba atasoma. Mwenye duka huuliza maswali, na nimeshuhudia akimkatalia mteja aliyetaka kununua vitabu kwa rangi ili avipange katika sebule ya hoteli. Malipo ni taslimu au kwa simu. Risiti hutolewa ukiomba, kwa mkono, katika daftari ambalo yeye hubaki na nakala yake.

Kwa anayenunua mara ya kwanza nasema anunue viwili kwa pamoja, utenzi wa Sayyid Abdalla na mkusanyiko wa Okot, asikubali kimoja bila kingine hata kama fedha ni ndogo, kwa sababu kila kimoja kinasahihisha kiburi cha mwenzake. Aliyefiwa hivi karibuni aanze na Okot. Utenzi una ukali wa mtu aliyekwisha kutulia, na ukali huo haufai wiki ya msiba. Nyimbo za Kiacholi zinamruhusu mtu akasirike kwanza. Anayetafuta kitu cha kusoma mbele ya hadhira, hasa katika hafla za shule au za kumbukumbu ya marehemu, achague beti za popo na vidaka, azisome polepole, na aache zile za Jahannamu kwa imamu.

Maboksi yaliyofika karibuni huwekwa chumba cha nyuma kabla ya kupangwa, na ukiomba kwa adabu unaruhusiwa kuyapekua. Huko ndiko nilikoona mara ya mwisho nakala ya pili ya utenzi, yenye jalada la awali na kurasa zake zote, ambayo mwenye duka hakuwa ameipangia bei bado. Duka hufungwa Ijumaa kuanzia adhuhuri hadi saa tisa, na Jumapili halifunguliwi.